Konda Hupanda Mwisho

...na nisijidanganye, muda nilikuwa nao, mlango ulikaa wazi, kengele ililia mara tatu kama siku zote, hata mtu mwenye magoti mabovu angeinuka, angejinyoosha, angeomba njia na kushuka, ila mimi nilibaki kitini nimeubana mkoba wa mama chini ya sweta kama nimeuiba, na sasa treni imesimama katikati ya kituo na kituo, taa zimezimika, feni zimenyamaza, nje ya dirisha ukuta wa zege tu na jua la asubuhi juu yake, na kile kipaza sauti kinakoroma juu ya vichwa vyetu, abiria wetu... umeme umekatwa kwa sababu za usalama... kuna mtu ameonekana kwenye reli, kituo tulichotoka... mnaombwa... tunaombwa nini, maliza basi, mtu gani, mwanamume au mwanamke, mzee au kijana, amesimama au amelala, Mungu wangu, alale kwa nini, sema tu gauni lake la rangi gani, lakini kimekatika, na yule jamaa wa suruali ya michezo anasema, ah, watu wa mji huu bwana, kila asubuhi mtu na vituko vyake, na watu wanacheka kidogo, kicheko cha watu waliochelewa, na mimi nacheka nao, jamani, nimecheka, mdomo umecheka wenyewe.

Huenda si yeye, mji wote huu na watu wake, kwa nini awe yeye, huenda ni mlevi, huenda ni fundi wa njia, huenda ni mtu ameangusha simu akashuka kuifuata, wapo wanaofanya hivyo, nilisoma mahali, na mama yuko pale pale jukwaani amekaa kwenye benchi, kuna msamaria amemnunulia maji... benchi gani, mama hakai, mama hajawahi kukaa kwenye gari wala kituoni, miaka ishirini na sita ya ukonda kwenye yale mabasi marefu ya kijani amesimama, miguu imevimba, jioni anaitia kwenye beseni la maji ya chumvi na bado anapanga watu sebuleni, wa nyuma sogeeni, huko nyuma pana nafasi ya kucheza mpira, na sisi watoto tunacheka mpaka tunashika mbavu. Leo asubuhi kasema hivyo hivyo. Tulitoka vizuri tu, kanywa chai, kavaa gauni la bluu, raba nimemfunga mwenyewe, nampeleka kwa wifi, kituo cha sita, wifi hukaa naye mpaka nitoke kazini, ndivyo tunavyoishi tangu kichwa chake kilipoanza kupoteza vitu, kwanza majina, halafu miaka, na sasa yuko katika mwaka gani hata sijui, lakini katika mwaka huo bado yuko kazini, maana kituo cha pili tu kaniponyoka, tiketi, tiketi mkononi, mabwana na mabibi, na jamaa wa suruali ya michezo akampa karatasi ya chingamu, mama akaitoboa kwa kile kikoleo chake cha zamani cha kutobolea tiketi, kwa heshima zote, akamrudishia, asante kaka, na behewa zima likaangua kicheko, uso ukaniwaka moto, nikamvizia anapopita nikaukwapua mkoba, nikamnong'oneza kwa meno, nipe huo mkoba, unaniaibisha, na yeye akanitazama, macho mazuri, macho ya kazini, akasema, haya dada, nitunzie.

Dada. Mimi, kitinda mimba wake, niliyelala naye kitanda kimoja mpaka darasa la tano. Basi nikajiambia, sawa, kama mimi ni dada tu, mimi ni abiria tu, na huyu mama wa miwani aliyekaa mbele yangu akaniinamia akauliza, dada, huyu mama uko naye? Nikasema hapana. Sikujiuma hata ulimi. Hapana, laini kabisa, kama ninavyowaambia wagonjwa pale mapokezi kwa daktari wa meno, hapana, daktari hayupo, kumbe yupo ndani anakunywa chai, miaka minne nasema uongo kwa sauti tamu na kulipwa, na daktari mwenyewe namdanganya kila siku, samahani daktari, treni imechelewa, wakati si treni, ni mama kafunga mlango wa bafu kwa ndani, ni mama kamwaga uji kitandani, ni mama kanipiga kibao kwa kuwa eti nimepanda bila tiketi, na leo treni imechelewa kweli, na leo ningetoa chochote iwe haikuchelewa, iwe inakwenda tu puu puu puu na reli ya nyuma yetu ni tupu.

Kituo cha tatu ndipo alipoita. Kuna wa kushuka? Wa kushuka wajiandae! Mlango ukafunguka, akashuka yeye kwanza, maana konda hushuka kwanza na kupanda mwisho, hiyo ndiyo kazi, alitufundisha hata sisi tukicheza basi uani kwa viti vya jikoni, unashuka, unashika bomba la mlangoni, unahesabu wanaotoka, unahesabu wanaoingia, unapiga bodi mara mbili, pa pa, twende, gari linatoka, halafu ndipo unakimbia hatua tatu nne na kudaka, konda wa kweli hapandi gari lililosimama, hapandi, angeona aibu. Na mimi nikiwa nimekaa hapa, hapa hapa, niliyajua yote hayo, nilimwona kupitia kioo, katikati ya watu, anahesabu kwa kidole, midomo inatembea, na kengele inalia, moja, inuka, mbili, inuka wewe, tatu, mlango ukajifunga, na mama akapiga bodi ya behewa mara mbili kwa kiganja, pa pa, yeye mwenyewe ndiye aliyeiruhusu, na treni ikatoka. Akakunja gauni kwa mkono mmoja akaanza kukimbia. Uso umefurahi. Sijamwona na furaha ile tangu mwaka juzi, anakimbia sambamba na dirisha langu, mkono umenyooka kutafuta bomba la kudaka, na treni hizi hazina bomba, mama, zina milango ya umeme, na jukwaa lina mwisho, na mwisho wake kuna zile ngazi ndogo za chuma wanazoshukia mafundi, kigeti chake hakifungwi, kila siku nakiona kinapepea.

Na nilipumua. Hili nalisema ndani kwa ndani na hata huko ndani naona haya kulisema, dirisha lilipomwacha nilipumua, mabega yalishuka, nikafikiri, basi, kuna mtu atamchukua, kuna askari wa kituo, kuna serikali, dakika mbili tu nipumzike, nitamfuata na treni ya kurudi, nitamfuata, hakika nitamfuata, lakini kwanza kiti changu, dirisha langu, mikono yangu miwili bila kushika mkono wa mtu... na kadi yake je? Kadi niliyoiandika kwa wino mwekundu, jina lake na namba yangu, ukimkuta mama huyu piga hapa, wifi akaipigisha nailoni isilowe, hutundikwa ndani ya mkoba, na mkoba huu hapa, tumboni pangu, chini ya sweta, nakigusa kikoleo kwa kidole, kadi hii, kona yake inanichoma. Basi simu yangu haitalia. Nimeikodolea macho bure. Watamwuliza pale, mama unaitwa nani, na yeye atawaambia wa nyuma sogeeni.

Kipaza sauti kimekohoa tena, zoezi bado linaendelea... hatujui muda... zoezi gani, mnamwita zoezi, na jamaa anapiga simu, bosi, kuna mtu karukia reli huku, ndiyo, haki ya Mungu, na nataka kumwambia hakuruka, mjinga wewe, alikuwa anapanda, lakini ulimi umekuwa mzito, umekuwa mzito tangu utotoni, nilikuwa darasa la pili, napanda basi lake kwenda shule, tukakaribia kituo changu, nikasema shusha, kwa sauti ya kuomba radhi, na mama akauliza kwa ukali wa mzaha, nani kasema? mimi nimesikia mbu, watu wakacheka, nami nikanyamaza kabisa, basi likapita shule, likapita kanisa, likapita soko, likanipeleka mpaka mwisho wa njia, nalia machozi ya hasira, na pale stendi akachutama mbele yangu akasema, humu ndani mimi si mama yako, mimi ni konda, anayetaka kushuka aseme. Si mama yako. Kwa hiyo leo tumelipizana? Loo, nisijitafutie visingizio, yeye alisema akanipandisha tena, akanirudisha mpaka mlango wa shule, akamwomba mwalimu msamaha kwa niaba yangu, usiku akanipaka mafuta miguuni, mimi nimesema hapana na mlango ukafungwa.

Mama wa miwani ananitazama. Hanitazami usoni, anatazama sweta langu, pale lilipotuna, pale mkanda wa ngozi ulipochungulia, na anasema polepole, si kwangu, kwa wote, jamani, isije ikawa yule mama wa tiketi, maskini, sijui ana watu wake? Na jamaa anasema, angekuwa na watu wangemwacha hivyo? Hasemi kwa ubaya. Anasema tu, anafuta kioo cha simu kwa fulana. Ana watu. Ana mtoto dereva wa malori yuko safarini, ana mkwe anayemchambulia samaki miiba, ana mimi, anaye mimi, na pale kando ya mlango kuna kitufe chekundu, ongea na dereva, hatua tano, nakijua, nilikiona tangu tuliposimama, nilijifanya hamnazo, maana kukifikia lazima nipite mbele ya hawa wote walionisikia, mkoba ukining'inia, na wataninyooshea vidole, na waninyooshee, wanitemee mate wakitaka, miguu, inuka, moja, inuka, mbili, nimeinuka, nimelivua sweta, mkoba nimeuvaa begani kama anavyouvaa yeye, mama wa miwani amekunja magoti yake kunipisha, nimebonyeza, kinalia, sauti ya dereva imechoka, ndiyo, nani anaongea? Nafungua mdomo, inatoka pumzi. Nani anaongea? Sikusikii, sema kwa sauti. Shusha, nasema, kwa sauti ambayo si yangu, inatoka chini huko, ni yake, behewa zima limegeuka, nishushe, mimi ni mtoto wake, huyo aliye relini, kama ni gauni la bluu na raba nyeupe ni mama yangu, nilikuwa naye, nimemwacha mimi. Kipaza kinakoroma tu. Milango imefungwa, taa hazijawaka, ukuta wa zege uko pale pale. Uko hapo? nasema, unanisikia? waambie huko kituoni wasimpigie kelele, yuko kazini, waambie wamwite konda, wamwambie asikimbie, gari linamngoja.