Jiwe la Mia na Kumi na Nane

Kati ya kizuizi cha kwanza na cha pili barabara ilikuwa na urefu wa kilometa mia mbili na kumi na mbili, na hapakuwa na nyumba hata moja. Dada mtu aliijua tarakimu hiyo kabla ya kuiona barabara yenyewe. Alikuwa ametunza kumbukumbu za hospitali kwa miaka thelathini na moja, na hakuwa mtu wa kwenda mahali ambapo hajapasoma.

Alisafiri na mdogo wake wa kiume, muuguzi mstaafu wa hospitali hiyo hiyo. Kila mmoja alikuwa na skuta yake, zote mbili za injini ndogo ambayo ikipakiwa mzigo haizidi kilometa hamsini kwa saa. Hii ilikuwa siku ya arobaini na moja, na nchi ya tatu ya kigeni. Katika kila mpaka maafisa waliwauliza kama wanakwenda sokoni.

“Ndiyo,” mdogo mtu alikuwa akijibu, “ila soko lenyewe liko mbali kidogo.”

Walikuwa na utaratibu wao. Dada alitangulia. Kwenye kila jiwe la kilometa hamsini, aliyetangulia alisimama na kumngoja wa nyuma. Wa nyuma asipofika ndani ya dakika arobaini, wa mbele haruhusiwi kurudi kumtafuta. Anaendelea mpaka penye watu na kuomba msaada. Walikuwa wamekubaliana hivyo nyumbani, mezani, kwa sababu skuta ilibeba petroli ya kilometa mia mbili na hamsini tu, na anayerudi nyuma huishia kuwa mtu wa pili wa kutafutwa.

Asubuhi hiyo walionana kwenye jiwe la mia. Walikunywa chai ya chupa wakiwa wamesimama, mdogo mtu akilalamika kuhusu kiuno.

“Dada, hii skuta yangu siku hizi inanikanda kuliko inavyonibeba.”

“Ulitaka matembezi.”

“Nilitaka matembezi. Sikusema nataka kusagwa.”

Kwenye jiwe la mia na hamsini alimngoja dakika arobaini. Akaongeza ishirini, jambo ambalo halikuwemo kwenye makubaliano. Barabara ilikuwa tupu na hewa juu ya lami ilikuwa inacheza. Kisha akafanya walivyokubaliana. Alifika kizuizi cha pili saa sita na nusu mchana.

Kizuizi kilikuwa chumba kimoja cha matofali, bomba la chuma lililopakwa rangi nyekundu na nyeupe, redio ya mawasiliano, na gari la doria limeegeshwa kivulini. Karani wa kizuizi alikuwa kijana mpole, mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Alimpa kiti na maji, akamsikiliza mpaka mwisho.

“Pole sana, mama. Saa kumi na mbili jioni tunalinganisha vitabu. Kilichosajiliwa kuingia kule, na kilichotoka huku. Pakipungua, gari linaondoka hapo hapo.”

“Kwa nini lisiondoke sasa?”

“Ufunguo ninao, lakini petroli imefungwa kwa lakiri ya afisa. Karani aliyekuwa hapa kabla yangu aliikata kwa neno la msafiri. Aliyesemwa amepotea akakutwa amelala nyumba ya wageni, anakoroma. Karani sasa anauza vocha.”

Dada mtu aliukubali utaratibu huo. Alijua hospitali zilizokuwa na utaratibu mbaya zaidi. Alikaa akiitazama barabara, na katika saa mbili alizokaa walipita malori matatu. Kila dereva aliulizwa, na kila dereva alisema hakuona mtu.

Lori la nne lilifika saa nane na nusu. Juu ya mzigo wake, imefungwa kwa kamba, ilikuwa skuta ya mdogo wake.

“Nimeikuta jiwe la mia na kumi na nane,” dereva alisema, akiwa bado anashuka. Alikuwa mtu mnene, mwenye taulo shingoni. “Imesimama kwenye stendi yake pembeni, ufunguo ndani. Nimepiga honi mpaka nikaona haya. Hakuna mtu. Nikasema nisiiache, wapo wanaopita wakachukua.”

“Umefanya vizuri,” karani alisema, akaandika kwenye kitabu, kisha akashika redio na kusoma idadi.

Dada mtu hakumsikiliza. Waliiteremsha skuta akaikagua kama alivyokuwa akikagua jalada: kutoka juu kwenda chini. Helmeti ilining'inia kwenye kioo. Alibonyeza kitufe cha kuwashia, injini ikaitika mara ya kwanza. Petroli ilikuwa zaidi ya nusu. Magurudumu yalikuwa na upepo. Nyuma ya kiti, kwenye kibebeo, lilikuwepo dumu la maji la lita tano, halijafunguliwa.

Kwenye mfuko wa mbele kulikuwa na daftari. Mdogo wake aliandika humo kila aliposimama, kwa mwandiko wa watu waliozoea kujaza chati za wagonjwa. Mstari wa mwisho ulisema: *Km 118. Saa 3.20. Mtu upande wa mashariki, peke yake, anapunga mkono. Naenda kumwona.*

Alimpa dereva asome. Dereva aliusoma mara mbili, akajifuta uso kwa taulo.

“Mama, hapo hapana mtu.”

“Ameandika yupo.”

“Ni nguzo. Wapimaji wa ardhi wa zamani waliziacha, ziko kadhaa, zina vipande vya bati juu. Jua likipanda zinacheza, unaona mtu kabisa, anakuita. Unaona ni hatua mia mbili. Siyo. Simjui mtu aliyeifikia ile.” Akapunguza sauti, ingawa hapakuwa na mwingine wa kusikia ila karani. “Sisi tukiona tunasimama, tunapiga honi, tunangoja dakika kumi bila kushuka. Mtu atasogea. Nguzo haisogei.”

Kwa hiyo alijua kila kitu alichohitaji kujua. Mdogo wake, ambaye kwa miaka thelathini alikuwa hawezi kupita kitanda cha mtu anayeinua mkono, aliona hatua mia mbili. Kwa hatua mia mbili mtu habebi maji. Alikuwa ametembea kwenye jua kali tangu saa tatu na dakika ishirini, na sasa ilikuwa inakaribia saa tisa.

“Mwanangu,” alimwambia karani, “huna haja ya kungoja jioni. Tunajua alipo.”

Karani alikuwa amekaa na kitabu mbele yake, kalamu imelazwa juu yake. Uso wake ulikuwa umebadilika.

“Mama, jioni haitapungua.”

“Nini haitapungua?”

“Hesabu. Tunahesabu vyombo. Skuta mbili zimeingia, skuta mbili zimetoka. Nimekwisha kusoma kwenye redio.”

“Soma tena. Sema mtu mmoja hajatoka.”

Alijaribu, hakuna anayeweza kumlaumu. Aliita mara tatu. Sauti ya afisa ilitoka kwenye redio ikikwaruza, haina haraka. Aliuliza swali moja: imepungua? Karani akaeleza habari ya mtu, daftari, maji. Afisa akasema watu hawahesabiwi, wanapanda malori na kushuka wapendapo; ndiyo maana vinahesabiwa vyombo. Kisha akamwita karani wa kizuizi cha kwanza, ili asionekane hakujali.

Karani wa kwanza alikuwa na sauti ya mzee. “Hao nawakumbuka. Mimi niliandika ‘watu wawili, skuta mbili.’ Yule mama akaniambia safu ni ya vyombo, nisichanganye. Alisema kweli. Nikakata ‘watu wawili,’ nikatia saini pembeni.”



Ilikuwa kweli. Dada mtu alikuwa amesimama mbele ya meza kule, glavu mkononi, akaona kosa kwenye safu, na hakuweza kuondoka akaliacha. Hata alimwonyesha pa kutia saini. Mdogo wake alisimama mlangoni akicheka: “Mzee, shukuru hajaomba kuona majalada ya mwaka jana.”

“Vyombo vyote vimetoka,” afisa alisema. “Funga kitabu.”

Karani aliiweka redio chini taratibu. Hakumtazama.

Dada mtu alimgeukia dereva. Dereva alikuwa ameshajua ataulizwa nini. “Lori lina kifaa, mama. Nikigeuza, ofisini wanaona, wanazima injini. Nitakuwa nimesimama katikati ya barabara kama jengo.” Alisema hivyo kwa aibu, akaenda kwenye lori akarudi na madumu mawili ya maji.

Dada mtu alichukua kalamu na kupiga hesabu nyuma ya daftari la mdogo wake. Mji wenye petroli ulikuwa kilometa thelathini mbele. Kwenda na kurudi kungemfikisha hapa baada ya saa kumi, na saa kumi geti la kuingia linafungwa. Petroli ya skuta zote mbili ikikusanywa pamoja ingetosha kilometa mia na sabini. Kutoka hapa hadi jiwe la mia na kumi na nane ni tisini na nne. Kwenda na kurudi, mia na themanini na nane.

Alizitazama tarakimu hizo kwa muda. Kisha akamwomba dereva mpira wa kunyonyea mafuta.

“Mama, unafanya nini?” karani aliuliza.

“Naingia.”

“Petroli haitoshi kurudi. Nimeona ulivyoandika.”

“Ndiyo. Kwa hiyo saa kumi na mbili kitapungua chombo kimoja.”

Karani aliitazama safu ya vyombo. Alikuwa na akili. Ilimchukua muda mfupi tu kuelewa.

“Ukiingia saa hizi hutatoka leo.”

“Andika vizuri, mwanangu. Skuta moja. Safu ya vyombo. Saa tisa na dakika ishirini na tano.”

Aliandika. Dada mtu akamwomba aikoleze tarakimu moja, isije ikasomeka vingine. Kisha karani akashika redio na kutangaza kimeingia chombo kimoja. Afisa akajibu amepokea, bila kuuliza kitu.

“Saa kumi na mbili,” dada mtu alimwambia karani, “usinisubiri hata dakika moja.”

“Sitasubiri.”

Dereva ndiye aliyeinua bomba la kizuizi ili dada mtu apite.

Alikwenda kwa kilometa arobaini na tano kwa saa, mwendo unaokula petroli kidogo kuliko yote. Mawe yalipungua kama ilivyopasa: mia mbili, mia na tisini, mia na hamsini. Hakukutana na gari. Madumu matatu ya maji yalikuwa yakigongana nyuma yake.

Kwenye jiwe la mia na thelathini na moja aliona mtu.

Alikuwa upande wa mashariki, peke yake, amesimama, na mkono mmoja ulikuwa juu. Ulikwenda kushoto, ukarudi kulia. Ilionekana ni hatua mia mbili.

Alisimamisha skuta bila kushuka. Kutoka mia na kumi na nane hadi hapa ni kilometa kumi na tatu. Mtu anaweza kutembea kilometa kumi na tatu tangu saa tatu na dakika ishirini, hata akiwa na kiu, hata akipotea. Alitamani iwe haiwezekani. Angeiona nguzo hii kwenye jiwe la mia na tisini, tarakimu zingemwambia apite.

Alipiga honi. Alitazama saa yake na kungoja kama dereva alivyoeleza. Dakika ya tatu mkono ulisita, akadhani mtu ameanza kuja. Haukuwa umesita. Dakika ya saba alijikuta mguu mmoja uko chini kwenye changarawe, akaurudisha.

Dakika kumi ziliisha. Yule aliyesimama hakuwa amekua wala kupungua.

Alirarua ukurasa kwenye daftari, akawaandikia watu wa gari la doria: *Km 131. Saa 11.25. Mashariki. Anapunga. Dakika 10, hakusogea. Mwangalieni na huyu.* Aliuweka juu ya jiwe na kuukandamiza kwa dumu moja la maji, kwa sababu alikuwa nayo matatu na hakuwa na uhakika. Kisha akawasha injini na kuelekea mia na kumi na nane, akitazama mbele.