Mzee Mpanzi Alipobisha Hodi Februari

Fumie Hoshina alikuwa jikoni akikata figili za chumvi Mzee Mpanzi alipobisha hodi. Pale kijijini Kamisawa hakuna asiyemjua. Ni ile theluji inayobaki ubavuni mwa mlima mwishoni mwa Aprili, yenye umbo la babu aliyeinama na mfuko wa mbegu. Akionekana tu, kijiji kizima huloweka mbegu za mpunga siku hiyohiyo. Kushuka hakuwahi kushuka.

Fumie alimtandikia taulo mlangoni, maana hakuwa na viatu vya kuvua. Kisha akaitazama kalenda, na hapo ndipo aliposhtuka. Februari jamani, na mlima mweusi tititi, hauna hata theluji.

"Babu, mbona mapema hivi?"

"Pale nilipokuwa nasimama pameyeyuka," akasema. "Miaka nenda miaka rudi panapata joto kidogo kidogo, nanyi mnaniangalia tu. Nipe chai, lakini iwe baridi."

Kiyokazu, shemeji yake Fumie na msimamizi wa maji ya mashamba, akaingia. Akamwinamia mgeni, akaruka dimbwi lililomchuruzika.

"Shemeji, lete ndoo. Mpanzi ametokea, tunaloweka."

"Februari hii? Na maji ya Juni yatatoka wapi? Maji yenyewe si ndiyo haya, yamekaa hapa yanakunywa chai!"

"Ala, wewe ndiye wa kumfundisha Mpanzi kazi?"

Wakaloweka wote. Fumie naye aliloweka, aibu ilimshika, ila konzi moja ya mbegu aliificha kwenye aproni. Baridi ya Aprili ikaiunguza miche ya kijiji kizima. Ile konzi akaiotesha baadaye, akiinywesha maji aliyokinga kwa beseni chini ya mzee.

Juni mfereji ulikuwa mawe matupu. Watu walisimama kandokando wameduwaa. Mzee, sasa kimo cha birika, akamwomba Fumie ambebe hadi shambani.

"Nitue hapo pembeni," akasema.

Kufikia adhuhuri alikuwa amekwisha. Mstari mmoja wa mpunga, wa ile konzi ya Fumie, ukashika.

Vuli, Kiyokazu akaitisha mkutano. Akapendekeza siku ya kuloweka ihamishiwe Februari, ili kijiji kisimwangushe Mzee tena. Mikono yote ikanyooka. Wa Fumie nao ulinyooka, kwa aibu ileile, na butwaa ikamfanya asahau kuushusha.

Mwaka uliofuata Mzee alibisha hodi Januari. Safari hii, badala ya taulo, kitambaa cha mkono kilimtosha kusimamia. Nje, watu walikuwa wameshaanza kutoa ndoo.