Kuku wa Pete Nyekundu

Niliwaambia wasiwaguse kuku wenye pete nyekundu mguuni, lakini nani humsikiliza mjane? Mume wangu Luseno alikuwa bado mochari, na wakwe zangu waliofika mtaani kwetu Lucky Summer kutoka Bungoma walitaka kuku. Wakachinja walionona.

Wale wa pete walikuwa kuku wa majaribio. Daktari Oketch, mtafiti wa mifugo, aliwadunga chanjo ya homa ya ndege iliyochanganywa na mafuta maalum ya kuamsha kinga; wengine aliwapa chanjo bila mafuta, alinganishe. Aliniambia wasiliwe kabla yeye hajasema.

Mama mkwe alipopasua kidari cha kuku kwenye sahani, akakuta uvimbe mweupe. Akauinua wote wauone.

"Ndiyo sumu aliyompa mtoto wangu."

Nikampigia Oketch, nikaweka simu kwenye spika. Akaeleza polepole kwamba ni mafuta ya chanjo, hubaki pale sindano ilipoingia, na hayajaua mtu. Wakamsikiliza kwa heshima zote. Alipokata simu, mama mkwe akanisukumia sahani.

"Basi kula wewe."

Ningeweza kupiga kelele. Ningeweza kulia, maana tangu wafike Jumatatu walikuwa wananichunguza macho kama nimelia. Nikauchukua ule uvimbe, nikautafuna mbele yao, nikameza. Haukuwa na ladha. Tangu Luseno afe, hata chumvi haina ladha.

"Mama," nikasema, "niongezee."