Bata Mzinga wa Vanishi

Hapana, mjukuu wangu, hakuanza na jumba lile la Malibu. Renata Golub unayemwona kwenye runinga akibeba sanamu za dhahabu, mimi nilimjua hana hata kiti chake studio.

Ilikuwa tamthilia yake ya kwanza kama prodyuza, yule mtayarishaji anayesimamia kila kitu. Kazi yangu ilikuwa kupanga vyakula vya kwenye picha. Siku hiyo tunapiga picha ya karamu ya harusi, nikampaka bata mzinga vanishi ya mbao ang'ae mbele ya kamera. Sasa, saa nane mchana tunatakiwa tutoke studio, wengine waingie. Karamu isipoisha, wenye stesheni ya runinga hawaitaki tamthilia, na Renata anarudi kuchapa barua za watu.

Basi mzee Wendell, mwigizaji wetu mkuu, njaa ikamshinda. Akang'ata paja.

"Ptuu! Lowell, umenipikia mlango?"

"Nani kakwambia ule, mzee? Huyo wa kutazamwa!"

Akamtupa, bata akapasuka sakafuni. Nikataka ardhi inimeze.

Waliobaki ni bata wa Odessa, mpishi wetu, wa chakula cha mchana cha wafanyakazi. Na sheria yetu Hollywood, saa sita za kazi zikitimia, watu wanakula. Zilikuwa zimetimia.

Renata akawaendea watu wa taa, maseremala, wote.

"Jamani, naomba bata mmoja, na mnivumilie robo saa. Mkikataa ni haki yenu, mle sasa hivi."

"Na wewe utakula saa ngapi, bosi?" Odessa akamuuliza.

"Wa mwisho. Leo na siku zote."

"Siku zote! Haya, tushike neno la prodyuza!"

Wakacheka mpaka basi, lakini mikono ikanyooka, yote. Tukapiga picha mara moja tu. Wendell alitafuna vile, hakuwa anaigiza!

Tamthilia ilikwenda miaka tisa. Zikaja sinema, ikaja studio yake mwenyewe, na mvi zimemjaa bado anapanga foleni nyuma ya wafagiaji, sahani mkononi. Mimi nimemwona kwa macho haya.

Lakini siku ile, zamu yake ilipofika, imebaki kabichi na mkate. Wendell akamkatia nusu ya paja lake.

"Kaa, binti. Hili halina vanishi."

Akakaa. Odessa naye akavua aproni, akavuta kiti, tukala wote.