Pembe za Mwangwini

Mwangwini ni nchi ya vilima vilivyopeana migongo, na katikati yake limepita bonde moja tu linalobeba sauti. Mengine yote humeza maneno yasionekane yalikokwenda. Watu wake, wapenda soga wasionyamaza hata tonge likiwa mdomoni, walikuwa na desturi nzuri: sauti mbili zikigongana bondeni, wenyewe hunyamaza, kila mmoja akatafuna kipande cha muwa, na amalizaye kwanza ndiye asemaye. Miwa hailingani, wala meno hayalingani, basi mambo yakaenda vizuri tu.

Lakini kwenye kilima kirefu alikaa Mtukufu Kishindo, ambaye kungoja alikuona ni kazi ya watu wengine. Alichonga pembe kubwa ya kusemea, akawa anafunika maneno ya kila mtu ili aagize pweza au aulizie viatu vyake. Majirani nao, ili wasikike, wakamwendea kutaka pembe, naye kwa bashasha zote akawauzia. Huyu akipata ndefu, yule akataka ndefu zaidi, mpaka bonde likawa zogo tupu. Kila mtu alijua kwamba zikishushwa zote watasikilizana, ila nani aanze? Atakayeshusha peke yake ndiye atakayemezwa.

Aliyeumia hasa ni Bi Sikitu, maskini. Binti yake Mize alikuwa ng'ambo ya bonde na mimba iliyofika siku zake, na mama alingoja kuitwa. Asubuhi moja alisikia "Ma..." tu, kisha Mtukufu akiagiza mchuzi.

Bi Sikitu akapita mlango kwa mlango. "Jamani, tuzishushe," alisema. "Na atakayedandia zamu ya mwenzake, sote tumpulizie mpaka akome."

"Hata Mtukufu?" aliuliza jirani yake, Bwana Makame.

"Yeye hasa. Pembe si katuuzia mwenyewe?"

Wote wakakubali. Mchana Mtukufu akadandia zamu ya jirani kuagiza chakula, na pembe zote zikamwangukia; neno lake halikufika hata jikoni. Akarudia, zikamrudia. Alipokoma, ikaja sauti ya Mize, chovu: "Mama, njoo. Uchungu umeanza."

Bi Sikitu alikuwa akishuka mbio alipomkuta Mtukufu njiani, kwa miguu, na njaa yake, pembe begani.

"Bi Sikitu, tafadhali nisemee kwa mpishi."

"Sasa hivi anasema mwanangu, Mtukufu. Ngoja kidogo," akajibu bila kusimama.

Mtukufu akaketi juu ya jiwe, pembe mapajani. Wamwangwini hubishana mpaka leo kama alikuwa anajifunza kungoja, au anawaza pembe ndefu zaidi. Siku ile hakuna aliyemwuliza, maana bonde zima lilikuwa kimya, likisikiliza kilio cha mtoto mchanga.