Povu Lililoitwa Saratani

Daktari wa maabara hakuwa mtu wa kukurupuka. Asubuhi ile aliinamia darubini kutazama nyama ya tezi dume iliyoletwa kupimwa, akaona kikundi cha seli nyeupe zilizojaa povu, zimesongamana kama saratani kabisa. Kalamu alikuwa ameshaishika. Akasita, akaagiza rangi maalumu ya kutambulisha seli. Kesho yake rangi ikasema kweli: zilikuwa seli za ulinzi wa mwili tu, zimeshiba mafuta zikavimba. Hazikuwa na neno.

"Huyu ana bahati," alisema mwenzake wa meza ya pili.

Povu lile daktari aliwahi kuliona.

Alishuka stoo, akapekua makasha ya vioo vya vipimo vya miaka tisa nyuma mpaka vumbi likamkaba koo. Akakipata alichokiogopa. Povu lilelile, na kwenye ripoti, juu ya saini yake: saratani. Siku ile hakuagiza rangi yoyote, alijiamini mno. Fundi makochi mmoja akapasuliwa, tezi ikatolewa.

"Tutamwandikia barua," mkuu wa idara alimwambia. "Usiende mwenyewe, utajitia kitanzi."

Akaenda.

Fundi alikuwa sebuleni, kwenye kiti kilichotandikwa nailoni, maana tangu upasuaji mkojo ulikuwa haumtii tena.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Alimweleza yote, bila kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo sikuwa mgonjwa."

"Hukuwa, mzee. Nilikosea mimi."

Mzee akacheka kidogo. "Na nyundo zangu nilizigawa zote, najua nakufa. Kila nikiamka, nipo! Nikaona hata aibu kwa niliowaaga." Kicheko kikamfia mdomoni. "Mama watoto alikuwa na uvimbe kwenye titi. Alinificha mwaka mzima. Nilipokuja kumuuliza, akasema mgonjwa nyumba hii ni mmoja, wa pili atauguzwa na nani? Huu ni mwaka wa nne tangu tumzike."

Daktari alitaka kusema pole. Machozi yakatangulia.

"Usilie hapa, mwanangu," mzee alisema, wala hakuwa mkali. "Ukilia itabidi nikubembeleze, na leo nguvu hizo sina."

"Naomba unisamehe, mzee."

"Sijui. Njoo siku nyingine uniulize."

Hakumsindikiza.

Daktari aliandika ripoti upya kwa mkono wake, akaipeleka kwa mkuu. Tangu hapo, povu la aina ile halikusainiwa bila rangi na bila macho ya mtu wa pili. Wako waliopona kisu kwa sababu hiyo, wala hawakujua.

Mwezi ulipopita alirudi kwa fundi. Binti yake ndiye aliyefungua mlango, akasimama katikati.

"Baba amesema amelala."

Ndani, mtu akakohoa.

"Haya, mwanangu. Mwambie nilipita," daktari akasema, akashuka ngazi taratibu, ameshika ukuta.