Kapteni Ruddock Chini ya Kitanzi

Susan Tapley alitemea pasi mate, yakachemka, akaishusha kwenye kola ya shati la mtu asiyemjua. Chumba kizima cha pasi kilinuka wanga na jasho. Dorcas Pym alikuwa amekaa juu ya kapu lililopinduliwa, akiwasomea wenzake gazeti la hadithi la peni moja. Kwa kuwa yeye peke yake alijua kusoma, fungu lake la mashati walimpigia pasi wao.

Zamani Bwana Gadsby, mwenye udobi huo, aliyachoma magazeti hayo. Kisha akagundua kwamba siku ya hadithi hakuna anayesikia kengele ya kutoka. Sasa anayanunua mwenyewe, na huyaleta jioni kukiwa na mzigo. Leo kulikuwa na mashuka ya hoteli nzima.

"Soma, Dorcas," alisema. "Mimi simlazimishi mtu kubaki."

Kweli hakumlazimisha mtu, na hilo ndilo lililouma.

"Mwanangu hajanyonya tangu asubuhi," Susan alisema. "Kengele ikilia, naondoka."

"Wiki jana ulisema hivyohivyo," bibi Martha alimtania.

"Wiki jana Kapteni Ruddock alizikwa hai, bibi. Ningeondokaje?"

Dorcas akasoma. Kapteni Ruddock, jambazi wao kipenzi, alisimama jukwaani, kamba shingoni. Kengele ikalia. Susan akanyoosha mkono kuchukua pasi nyingine, kifua cha gauni lake kimelowa maziwa. Dorcas akakiona.

"'Mnyongaji akavua barakoa, na uso ule ulikuwa wa...'" Akakunja gazeti. "Karatasi imeishia hapo."

Hakuna aliyeshangaa. Wapiga chapa wa London hukata hadithi popote ukurasa unapojaa, hata katikati ya sentensi. Wanawake wakaguna, wakamtukana mwandishi na mama yake, wakachukua shali zao. Bibi Martha alikuwa ameona kurasa zilizobaki. Akamshika Susan mkono, wakateremka ngazi.

Gadsby akalinyakua gazeti na kulifunua.

"Ni kaka yake!" akapiga kelele ngazini. "Mnyongaji ni kaka yake! Rudini, bado kuna kurasa mbili!"

"Nilijua," sauti ya Susan ilijibu kutoka chini, ikizidi kwenda mbali.

Gadsby akamgeukia Dorcas. "Jumatatu usije."

Dorcas akavua aproni, akaitundika. Kazi nyingine hakuwa nayo. Hata hivyo, macho yake yaliganda kwenye gazeti lililofunuliwa mkononi mwa yule mtu. Hakuna aliyetaka kujua kilichofuata zaidi yake.